Gari linachemsha mlimani: kabla hujauziwa injini

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu huku Tukuyu, natumia Vitz. Lilianza kuchemsha nikipanda kutoka Kyela. Gereji ya kwanza walitoa themostati, wakaniambia ni kifaa cha nchi za baridi. Likatulia kama wiki tatu, ingawa asubuhi taa ya bluu inachelewa sana kuzima. Sasa limeanza tena. Gereji ya pili wamefungua kifuniko cha oili, wakanionyesha utando mweupe kama maziwa, wakasema maji yameingia kwenye oili, hedi (kichwa cha injini) imekufa, bora ninunue injini ya mtumba. Nimechoka kupigwa. Nataka nifanye mwenyewe kwa kufuata video kwenye simu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Injini usinunue, na hedi isifunguliwe kwanza.

Hilo la “themostati ni ya nchi za baridi” nimelisikia tangu nikiwa kijana wa kushikishwa spana, na mpaka leo magari yanaletwa kwangu Mbeya yakiwa yameshanyofolewa. Toyota huweka themostati hata kwenye magari inayouza Arabuni, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 45. Kama ingekuwa ya baridi, huko wangeiweka ya nini?

Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi, kisha hufunguka. Kwenye injini nyingi ina kisahani cha pili kwa nyuma. Njia ya rejeta inapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Asubuhi maji yanakimbilia rejeta na injini haipati joto, ndiyo maana taa yako ya bluu, ile ya kuonyesha injini bado ni baridi, inachelewa kuzima. Ukiwa mlimani, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo injini inakosa joto inapolihitaji, na ikibeba mzigo haipoi vizuri.

Sasa tuje kwenye huo utando mweupe, maana hapa ndipo watu wanapouziwa injini. Injini isiyofikia joto lake haikaushi unyevu uliomo ndani. Unyevu hupanda na kujikusanya chini ya kifuniko cha oili, ambako ni baridi zaidi, ukachanganyika na oili na kuwa kama povu la maziwa. Kwa gari linalotoka nyumbani kwenda shuleni na kurudi kwenye baridi ya Rungwe, bila themostati, utando huo hauna budi kutokea. Gereji ya kwanza ilitengeneza ushahidi, ya pili ikautumia kukudai injini. Sijui kama ya pili walikuwa hawajui au walijua wakanyamaza. Mfukoni mwako hasara ni ileile.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili iliyo juu yake ni safi na haijapanda kuliko ulivyoiacha, maji hayajaingia. Oili yote ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kipimo kimepanda, hapo kweli kuna maji.

Basi kwa nini lilichemsha tangu mwanzo? Sijaliona gari lako, lakini kitu cha kwanza ningekishika ni mfuniko wa rejeta, ambao hakuna fundi yeyote kati ya hao aliyeutaja. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94. Joto la kawaida la injini linafika hapo hapo. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko. Ule ulioandikwa 1.1, yaani namba ya mgandamizo wake, ukiwa mzima, unayafikisha karibu na nyuzi 118 kabla hayajachemka. Mpira wake ukikauka, mgandamizo unatoka na kinga yote inapotea. Wiki iliyopita nimeshika mmoja uliotoka kwenye Noah. Mpira ulikuwa mgumu kama ukucha, una ufa wa duara mzima, na nilipoukandamiza springi ilishuka ikakaa huko huko chini. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha rejeta nzima na kurudishiwa mfuniko ule ule wa zamani.

Kwa hiyo ndiyo, anza mwenyewe, gari likiwa limelala usiku kucha na limepoa kabisa. Rejeta ya moto usiiguse. Nunua mfuniko mpya wenye namba ileile. Nunua themostati, ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini, kisha chemsha. Utaiona inafunguka kwa macho yako, na ukiitoa ijifunge. Isipofanya hivyo, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, katundu kake kadogo kenye kipini kakae juu ili hewa itoke. Washa AC uone kama feni inazunguka. Weka kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Kama si iliyochanganywa tayari, weka nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya mto wa barabarani yanakula hedi ya aluminiamu na kuacha ukoko kwenye mirija ya rejeta. Na video ikikwambia umwage ute wa yai au unga wa kuziba matundu, izime. Unga huo hauchagui tundu la kuziba, unaziba na mirija.

Ninaowaogopa zaidi, mwalimu, ni mafundi wa kutoa. Gari likichemsha wanatoa themostati. Likikosa nguvu wanatoa masega ya kusafishia moshi kwenye bomba la moshi, na masega yana bei yake sokoni. Feni ikikataa wanaiunganisha moja kwa moja, sensa inabaki imekufa. Taa ya injini ikiwaka wanabandika utepe mweusi, na kutoka Uyole mpaka Makambako hakuna kitakachokuonya. Kila kilichotolewa kilikuwa na kazi, na gari huonekana limepona kwa sababu limenyamazishwa tu. Fundi akitoa kitu, akupe mkononi na akueleze kazi yake itafanywa na nini. Akishindwa kukueleza, chukua funguo zako.

Ukishafanya yote hayo, liwashe likiwa baridi huku mfuniko uko wazi. Hewa iliyobaki itatoka kidogo, kisha maji yatatulia. Mapovu yakiendelea kupanda bila kukoma, nenda gereji yenye ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta, uiangalie ikigeuka wewe mwenyewe. Ikigeuka, hapo hedi ifunguliwe. Kabla hujalipia hedi nyingine, wakuwekee rula ya chuma juu yake mbele yako na wapitishe geji, kile kibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.05 chini ya rula. Isipopita, hedi haijapinda. Muulize fundi kama ina ufa na akuonyeshe ulipo. Asipouonyesha, dai gasketi peke yake, yaani kiziba kinachokaa chini ya hedi.