Mnara wa wapiganaji wa Kagera: anzeni na majina

Mkuu, umeuliza kama kamati yenu ya kijiji ijenge sanamu ya askari na bunduki au kitu kingine kuwakumbuka wazee waliopigana vita ya Kagera 1978-79. Mi nasema majina kwanza. Ule mnara wa Askari pale Kenyatta Avenue Nairobi, wa kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliowabebea mizigo Vita ya Kwanza ya Dunia, una maandishi yanayosema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako, halafu unauzunguka wote na hakuna jina hata moja la mpagazi, inauma sana aisee. Marekani ule ukuta wa 1982 wa kuwakumbuka wanajeshi wao wa vita ya Vietnam una majina zaidi ya 58,000, watu wanaweka karatasi juu ya jina wanasugua na penseli wanaondoka nalo nyumbani. Kwa hiyo chongeni kwenye jiwe, msipake rangi jua litaifuta, na yawe usawa ambao hata bibi aliyekaa anayafikia kwa mkono. Benchi na mti wa kivuli msisahau. Na kabla hamjamwita fundi waulizeni wazee walio hai, baba yangu mdogo alikuwa huko vitani, yeye alichotaka ni waandikwe na wale waliobeba chakula na risasi.