Fedha ya tumbaku: naweza kwenda nayo Hija?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullah, Sheikh wetu. Mimi ni mkulima wa tumbaku wilayani Kaliua. Zao hili nimelilima tangu ujanani, na marehemu baba alililima kabla yangu. Nyumba yangu, ada za watoto na hata bati za msikiti wetu vimetoka humo. Sasa mwanangu amerudi kutoka masomoni anasema tumbaku ni haramu kuivuta, kuilima na kuiuza, na kwamba Hija ninayoiwekea akiba haitaswihi, yaani haitahesabika. Mimi mwenyewe sivuti. Tena kuna jambo linanishangaza: mirungi inang'olewa kule Same na wenye mashamba wanakamatwa, ila tumbaku tunaletewa mbolea. Naomba unifafanulie, na pia uniambie kama tumbaku ina zaka.

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mzee wangu. Mwanao amesema kweli katika mengi, lakini kwenye Hija amepitiliza. Tutafika huko.

Mmea huu hutaukuta kwa jina katika Qur'ani wala katika hadithi. Asili yake ni bara la Amerika, na wenyeji wa huko walikuwa wakiuvuta na kuutafuna karne nyingi kabla watu wa Columbus hawajauona mwaka 1492. Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, Jean Nicot, aliupeleka kwa wafalme wake akiusifia kuwa ni dawa. Mwanzoni mwa karne ya 11 ya Hijria ulikuwa umeshaingia Misri, Sham na Uturuki, na hapo ndipo wanazuoni walipogongana. Mjini Cairo, Sheikh Ibrahim al-Laqani (aliyefariki 1041 Hijria) aliuharamisha. Mwenzake wa mji huohuo na madhehebu hayohayo ya Maliki, Sheikh Ali al-Ujhuri (aliyefariki 1066), akasema ni halali maadamu hauondoi akili. Baadaye Damascus, Sheikh Abdulghani an-Nabulsi naye akautetea. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki yeye hakungoja mjadala uishe: mwaka 1633 alipiga marufuku na adhabu yake ikawa kifo. Watu wakaendelea kuvuta kwa kujificha.

Kwa nini watu wa elimu kiasi kile watofautiane? Swali walilolijadili zaidi lilikuwa je, inalevya? Na tumbaku hailevi kama pombe. Nikotini iliyomo humo inachangamsha: moshi ukivutwa, ndani ya sekunde chache umeshafika ubongoni, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, na mtu anajiona ameamka. Akili yake iko palepale. Kuhusu madhara hawakuwa na ushahidi zaidi ya kikohozi na harufu, na hata walioruhusu waliweka sharti kwamba anayedhurika nayo, kwake ni haramu.

Ushahidi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha jinsi sigara inavyofungamana na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 serikali ya Marekani ikatoa ripoti yake kubwa kusema hivyohivyo. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, na miongoni mwao wamo ambao hawakuwahi kushika sigara, ila waliishi na wavutaji. Sharti la wale waliohalalisha limetimia kwa kila mvutaji. Allah amesema tusijitie wenyewe katika maangamizo (al-Baqara 195), na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kwa hiyo mimi, pamoja na wanazuoni wengi wa zama hizi, nasema kuvuta ni haramu, na atakayenitolea kauli ya al-Ujhuri nitamwomba asome na masharti yake.

Kulima je? Utaniambia, kama wengi hapa Tabora wanavyoniambia, kwamba wewe unauza jani tu, la mvutaji halikuhusu. Fuqahaa, yaani wanazuoni wa sheria, wa Kishafi walishaulizwa jambo la namna hii, la mtu kumuuzia zabibu mtengeneza mvinyo. Wakasema: ukijua kwamba ndiko zinakokwenda, ni haramu; ukishuku, ni karaha, yaani lachukiza bila kufikia haramu. Na zabibu huliwa. Jani lako likitoka banini, kwenye nyumba ya kukaushia, lina safari gani nyingine?

Na wewe kazi hii unaijua kuliko mimi. Nikotini inatengenezwa kwenye mizizi kisha inapanda majanini, na mmea unaitumia kama sumu ya kuzuia wadudu. Unapokata ua na kung'oa machipukizi ya pembeni, mmea unaacha kuhangaikia mbegu, majani yananenepa na nikotini inazidi. Ukali anaoutafuta mvutaji unatoka kwenye vidole vyako, vile vinavyorudi nyumbani na gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba uko mbali na jambo lenyewe.

Kuna dhara jingine ambalo mwanao hakulitaja, nami naliona zito zaidi kwa sababu liko mlangoni pako. Majani yakiwa yamelowa umande au mvua, nikotini inapenya kwenye ngozi ya anayechuma. Mtoto anarudi ana kizunguzungu, anatapika, mama anadhani ni malaria. Usiku mtoto huyohuyo anakesha banini akichochea moto, maana tumbaku ya mvuke haitaki moto ulale: siku kadhaa mfululizo, joto likianzia nyuzi 35 hivi ili jani liwe la njano, likipandishwa kidogokidogo hadi kama 70 ili kikonyo cha kati kikauke. Asubuhi anasinzia darasani. Na kuni zinatoka kwenye miyombo hiyohiyo inayotundikwa mizinga. Watu wa Tabora tunasifiwa kwa asali, kisha tunachoma nyumba ya nyuki tukaushie jani!

Kuhusu mirungi, halali na haramu havipimwi kwa nani kaletewa mbolea. Mirungi imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na katika hilo tunaitii serikali. Lakini jua kwamba hata mirungi ilipita njia hiihii. Wanazuoni wa Yemen walimpelekea Imam Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 Hijria), nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, maandishi yanayopingana: hawa wanasema inapumbaza, hawa wanasema inasaidia kukesha kwa ibada. Hakuthubutu kukata moja kwa moja kwamba ni haramu, kwa kuwa habari zenyewe zilikinzana. Akashauri iepukwe. Tumbaku yenyewe ilishika huku kwetu kwa hesabu za wakoloni: mradi wao wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza 1947, ulianguka 1951, na mashamba ya Urambo yakatafutiwa zao jingine. Mbolea unayoletewa inafuata biashara hiyo, si fatwa.

Sasa Hija. Kauli ya jumhuri, yaani walio wengi, ya wanazuoni, na ndiyo ya madhehebu yetu, ni kwamba hata aliyehiji kwa mali ya haramu tupu Hija yake inaswihi na faradhi inamtoka, ingawa ana dhambi na anakosa thawabu ya Hija iliyokubaliwa. Imam Ahmad ndiye aliyesema haiswihi, na nadhani mwanao ameichukua kwake. Tena hali yako ni nyepesi kuliko hiyo, maana ulichuma ukiwa hujafikiwa na hoja, katika jambo ambalo wakubwa walikhitalifiana. Hata katika riba, ambayo haina khitilafu, Allah amesema aliyefikiwa na mawaidha akaacha, yaliyopita ni yake (al-Baqara 275). Akiba uliyokwisha kuiweka, nenda nayo Makka. Bati za msikiti zisishushwe.

Kuanzia hapa ndipo penye mtihani. Najua umechukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika, na wenzako wamekudhamini. Ukikimbia, deni lako linakatwa kwenye mauzo yao. Hilo halijuzu. Deni ni haki ya watu, na huwezi kuikimbia dhambi kwa kumdhulumu jirani. Basi iliyoko shambani na banini imalizie, uza, lipa deni lote, watoto ukiwaweka kando na majani mabichi. Ila wakati wa kuandikisha makisio ya msimu ujao usiandike jina lako. Ukishindwa kuacha yote kwa mara moja kwa sababu nyumba nzima inakula humo, punguza ekari kwa nia ya kweli, na nafasi yake weka alizeti, karanga, mahindi au mizinga. Fedha haitalingana, sikudanganyi, hasa miaka ya mwanzo. Wala usimwache mwanao awe msemaji tu: yeye ndiye mwenye nguvu, mpe jembe, na umwambie atafute soko la hiyo alizeti.

Zaka ni fupi. Kwa madhehebu ya Shafi zaka ya mazao ni ya chakula kikuu kinachowekwa akiba, kama mahindi, mtama, mpunga na kunde, hivyo tumbaku haimo. Lakini fedha uliyoipata ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima wa Hijria, itolee asilimia mbili na nusu, hata kama umeitenga kwa ajili ya Hija. Wengi wenu mnasahau mahindi. Kiwango chake ni wasaki 5 (kipimo cha zamani cha Waarabu), kama kilo 653, yaani ukivuna magunia 7 ya kilo 100 umeshafika. Na kwa kuwa ni ya mvua, unatoa sehemu moja ya kumi, bila kuondoa kwanza gharama ya mbolea.

Wallahu aalam.