Jina kwenye saksafoni si jina la aliyeitengeneza

Saksafoni yangu ya kwanza, alto ya zamani, niliachiwa na mzee niliyekuwa nikipiga naye bendi. Kwenye kinywa kipana cha ala hiyo, sauti inakotokea, palichorwa maua na majani, na katikati yake jina ambalo sikuwahi kulisikia. Nikalitafuta kwenye intaneti wiki nzima. Sikupata kiwanda chenye jina hilo wala historia yake, na hata mtu wa kulisifu au kulitukana sikumwona. Nikaanza kuamini kwamba nimeachiwa kopo la shaba lenye urembo.

Kumbe nilikuwa natafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Jina lile halikuwa la kiwanda, lilikuwa la muuzaji. Ala za namna hii wapigaji wanaziita stensili. Kiwanda kikubwa kinatengeneza saksafoni, kisha duka la muziki, msambazaji au kampuni inayouza kwa katalogi inaagiza ichorwe jina lake. Marekani katika miaka ya 1920, saksafoni ilipokuwa imewapagawisha watu, kampuni za Conn, Buescher na Martin, zote za mji wa Elkhart jimboni Indiana, zilitoa stensili kwa wingi. Ndiyo maana majina yaliyochorwa ni mengi ajabu, ilhali viwanda vilivyo nyuma yake vinahesabika.

Kwa hiyo ukikutana na jina geni, liache kwanza. Igeuze ala, usome mgongo wake karibu na kishikio cha kidole gumba. Yangu ilikuwa na namba ya mfululizo, herufi L, na juu yake muhuri wa tarehe: Desemba 8, 1914, pamoja na namba 1119954. Nikashangilia. Nikawatangazia wenzangu kwamba nina saksafoni ya mwaka 1914! Nilijiaibisha bure. Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na inahusu ufundi wa kuvuta kingo za matundu kutoka kwenye shaba ya mwili wenyewe badala ya kulehemu pete juu yake. Conn waliendelea kuigonga tarehe hiyohiyo kwenye ala zao miaka mingi baadaye. Umri wa ala haikunipa, lakini ilinipa fununu ya kiwanda.

Hapo ndipo nilipojifunza kutazama matundu, na mpaka leo ndiyo kitu cha kwanza ninachokagua. Ondoa macho kwenye urembo, chungulia chini ya padi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu. Martin walisifika kwa matundu ya kulehemu, yenye ukingo uliochongwa ukawa mwembamba kwa juu. Conn, kwenye ala zenye jina lao wenyewe, kwa zaidi ya miaka 20 walikunja kingo kwa nje zikawa mviringo kama mdomo wa sufuria. Yangu ilikuwa na muhuri wa Conn lakini kingo zake zilikuwa wima, hazikukunjwa. Nilidhani muhuri ni wa kughushi. Fundi akacheka: kiwanda mara nyingi kilibakiza mapambo na mbinu zake bora kwa ala za jina lake, stensili ikapewa umbo la kawaida zaidi. Usikimbilie hukumu kwa alama moja lakini, maana kiwanda cha Keilwerth, waliozaliwa Graslitz (leo Kraslice, Cheki) na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakahamia Nauheim, Ujerumani, nao walitoa ala nyingi zenye kingo za mviringo. Linganisha matundu, vikinga vya funguo, umbo la vibonyezo vya kidole kidogo na mpangilio wa nguzo, vyote pamoja, na picha za ala ambazo kiwanda chake kinajulikana.

Jina la nchi nalo linasaidia. Ukiona Chekoslovakia, ala haiwezi kuwa ya kabla ya 1918. Ujerumani Mashariki inakubana kati ya 1949 na 1990. Kwa ala mpya soma polepole zaidi: "imebuniwa Ujerumani" si sawa na "imetengenezwa Ujerumani", na majina mengi yenye lafudhi ya Ulaya yanatoka Houli huko Taiwan au Tianjin nchini China. Hilo si tusi, Houli wanatengeneza ala nzuri sana. Tatizo ni pale muuzaji anapokutoza kwa ajili ya lafudhi.

Na kuna majina yaliyohama. Saksafoni zenye jina Vito, ziko zilizotengenezwa na Beaugnier wa Ufaransa na ziko zilizotengenezwa na Yamaha wa Japani. Ukiagiza padi au skrubu kwa kutaja jina Vito peke yake, jiandae kuzirudisha.

Turudi kwenye ile herufi L, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuokoa na hasara. L au LP (kwa Kiingereza low pitch) ni sauti ya chini, yaani noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde tunayoitumia leo. H au HP (high pitch) ni sauti ya juu, A inayokaribia 457. Ala ya HP hairekebishiki kwa kuvuta kipulizio nje, maana nafasi kati ya matundu yenyewe ni ya kipimo kingine. Ukiipata noti moja, nyingine zinapotea. Kama herufi haisomeki, beba programu ya kupimia sauti na upige oktavu mbili kabla ya kulipa. Piga pia C yako mbele ya kinanda. Alto itatoa E flati ya kinanda, na saksafoni ya tenor, iliyo kubwa kuliko alto, itatoa B flati. Ikitoka C ileile, umeshika saksafoni aina ya C-melodi, ambazo stensili za miaka ya 1920 zimejaa, na wauzaji huziita tenor ndogo bila kupepesa macho.

Jambo la mwisho nililinusuru kwa dakika chache. Fundi mwingine alikuwa tayari amewasha mashine ya kung'arisha ili aipake ala yangu laka mpya. Mashine ile hula shaba, na namba za mgongoni huwa zimegongwa kwa kina kidogo tu. Nilimwomba asubiri, nikapiga picha ya muhuri, ya namba, ya ile L na ya kila tundu. Kisha nikaichukua ala yangu nikaondoka nayo ikiwa na kutu zake.