Makala za magemu zinalipa, ila anza na pendekezo

Ndugu yangu, umeuliza utapata wapi kazi ya kulipwa kwa kuandika kuhusu magemu bila kuajiriwa. Majarida na tovuti za nje kama PC Gamer na Eurogamer hununua makala kwa waandishi wa kujitegemea. Usiwatumie makala nzima. Mtumie mhariri pendekezo la aya mbili. "Nataka kuandika kuhusu FIFA" haitoshi. Lakini kibanda cha gemu Kariakoo, watoto wamebanana kwenye benchi, wanalipa kwa mechi, na fundi pembeni anafungua pedi ya kuchezea iliyochakaa kwa bisibisi ndogo: hiyo ni habari, na mhariri aliyeko Uingereza haioni kutoka mezani kwake. Tathmini za magemu makubwa achana nazo kwanza, nyingi huandikwa na wafanyakazi wao wa ndani.

Na malipo uulize mapema, kabla hujaandika hata mstari: ni kwa neno au kwa makala, na yanalipwa lini? Mimi niliandikia tovuti moja makala tatu kwa ahadi ya "utajulikana". Sikupata hata senti, na bado inaniuma. Kama uko Kenya na umelipwa kwa PayPal, huduma ya kutumiana pesa mtandaoni, hela hiyo unaitoa kwa M-Pesa.