Madogo mnaoapdeti FL huku mteja yuko kwenye maiki, hii ni yenu

Jana jioni dogo mmoja wa studio ya mtaa wa pili kaniletea laptop kaifunga kwenye khanga kama mgonjwa anapelekwa hospitali. "Bro sijafanya kitu, nimeapdeti FL tu." FL Studio hiyo, programu yetu ya kutengenezea biti. Nafungua brauza, ukurasa wa mwanzo umeshabadilika ni kitu sijui kina picha ya mlima, chini kulia antivairasi mbili zinagombea nani mlinzi wa hapo, na katikati kidirisha chekundu kinamwambia kompyuta yako ina makosa 1,284, lipia tuyaondoe. Nikamuuliza ulipakua wapi? "Niliandika FL Studio apdeti nikabonyeza ya kwanza." Ya kwanza! Ya kwanza ni tangazo mwanangu, na wameandika kabisa hapo juu kwamba ni tangazo. Huyu ni wa nne tangu mwaka uanze na mimi muda wa kufuata wagonjwa nyumba kwa nyumba sina, kwa hiyo naandika mara moja tu, mtasambaziana wenyewe.

1. Apdeti inatoka kwa mwenye nayo. FL ukishainunua, matoleo yanayofuata ni bure maisha yote, ndio utaratibu wa Image-Line, wenye FL, miaka yote, unaingia kwenye akaunti yako unapakua basi. Sasa vichochoroni unatafuta nini? Wa kraki, programu zilizovunjwa leseni, najua mpo, siwahubirii, na mimi nimeshaishi huko, ila mtu anayekwambia "zima antivairasi kwanza ndio ufungue hii" jiulize yeye anakula wapi. Kama hela hakuna, Reaper, programu nyingine ya kurekodia, inakupa siku 60 ikiwa nzima kabisa hujalipa hata shilingi.

2. Acheni neksti neksti neksti finishi. Kwenye kuinstoli chagua "Custom", hata kama wameiandika kwa rangi ya kijivu imefifia kama haifanyi kazi, kisha toa tiki kwenye kila usichokiomba. Ni hayo tu. Sekunde ishirini. Na sasa niwaambie kwa nini mimi nazisoma hizo sekunde ishirini kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja.

Mwaka 2014 nilikuwa na laptop ya Windows 7, RAM giga nne, saundi kadi moja ya USB, na kiburi cha mtu mwenye vyote hivyo. Biti nafanyia FL, sauti nakatia Audacity. Wa zamani mnakumbuka, Audacity wakati ule ilikuwa haitoi mp3 yenyewe kwa sababu ya mambo ya hataza (patent) za mp3, mpaka uitafutie faili la LAME pembeni, na hao LAME wenyewe walikuwa wanatoa source code tu, yaani msimbo mbichi usiotumika hivihivi, kwa hiyo lile faili unaliokota kwenye saiti za watu. Siku hizi hamna habari, toka toleo 2.3.2 la 2019 limo humohumo. Sasa Jumamosi usiku nimetoka kuapdeti Audacity, mwalimu wa kwaya anataka demo ya mp3 aisikilize kabla ya kesho, na bando langu linaisha saa sita kamili. Ukurasa unafunguka, kitufe cha kijani kikubwa kama mlango wa geti, Download. Kile halisi kilikuwa chini, maandishi madogo ya bluu. Nikabonyeza geti. Kikaja kidirisha, neksti, kingine, neksti, cha tatu kina tiki tatu sikuzisoma, saa inasema tano na hamsini na mbili, neksti, finishi. Mp3 ikatoka, nikatuma, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumapili kwaya imekuja. Watu kumi na nane, Coaster ya kukodi kutoka Kibaha, na wamevaa sare, kwenye kurekodi sauti tu wamevaa sare, mpaka leo ile heshima inaniuma. Solo anaimba mama mmoja mtu mzima, sauti nzito ya taratibu, anafumba macho akianza. Teki ya kwanza inakwaruza, nikaongeza bufa, yaani akiba ya sauti kwenye kompyuta. Ya pili inakwaruza, nikasema kebo. Ya tatu ikaenda safi, tumefika kwenye daraja la wimbo pale kwaya inanyamaza anabaki mama peke yake, akakatisha. Akavua hedifoni taratibu, akaniangalia. "Mwanangu, humu ndani kuna dada anasema kizungu nimeshinda. Nimeshinda nini?"

Kwaya ikaanguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka.

Ni tangazo la sauti, linapigwa kwa nyuma na kile kimzigo nilichokiinstoli usiku, na kwa sababu saundi kadi ndiyo niliyoiweka iwe sauti kuu ya Windows, likapita moja kwa moja mpaka masikioni kwa mama. (Nendeni mkabadilishe sasa hivi: sauti za Windows zitokee kwenye spika za laptop, saundi kadi ibaki ya kazi.) Hapo ningekizima tu hicho kimzigo tukamalizia teki, ingetosha kabisa, kumbe hata mikwaruzo nayo ilikuwa ni huo mzigo unahangaika kwa nyuma. Lakini nimeona aibu, nataka nionekane fundi. Nikasema nipeni dakika kumi, nikaingia kwenye orodha ya programu na panga. Kila nisichokijua jina, futa. Nikakuta Microsoft Visual C++ 2005, ya 2008, nyingine 2008, ya 2010 mara mbili, nikasema hata hizi za kizamani zinajaza nafasi tu, futa zote. Dereva ya saundi kadi ilikuwa na jina la ajabu ajabu, futa. Rista.

Laptop ikawaka safi kama mpya, na haijui kufanya kitu. Plagini, vile vyombo na vionjo vya sauti vya kuchomeka kwenye FL, nusu hazifunguki, kila moja inakuja na ujumbe MSVCP100.dll haipo, yaani faili la ile Visual C++ ya 2010 niliyoifuta, saundi kadi ina taa lakini Windows haiioni, CD yake ya dereva iko nyumbani Mbagala, bando limekufa jana usiku. Watu kumi na nane na sare zao wamekaa kwenye benchi la koridoni mpaka saa kumi jioni. Mwalimu akaja akasema kwa upole, na ule upole ndio mbaya, "Prodyuza, sisi gari tumelipia." Nikarudisha adivansi na nikalipa Coaster. Wakarekodia kwingine. Kila Desemba naisikia ile solo kwenye daladala, kwenye daraja la wimbo nasubiri yule dada aseme ameshinda, hasemi.

3. Kwa hiyo kutoa kuna utaratibu wake, siyo panga. Panga orodha ya programu kwa tarehe, angalia vilivyoingia siku ileile na dakika zilezile na apdeti yako, hivyo ndivyo washukiwa. Vitoe kimoja kimoja. Kisha brauza, toa vidude vilivyojibandika, na bonyeza kulia kwenye ikoni ya brauza, Properties, uone mwisho wa ile njia ya faili (Target) kama hawajakuchomekea anwani ya saiti, wengi hapo hawaangalii halafu wanasema kirusi kimerudi. Malizia na AdwCleaner, kifagio cha bure cha mizigo kama hii.

Visivyoguswa: hizo Visual C++ zote, hata kama zinafanana kama mapacha, kila plagini inategemea ya mwaka wake. iLok License Manager ndiyo inayotunza leseni zako za plagini. ASIO4ALL ni dereva ya sauti, siyo kirusi, kuna dogo aliifuta akanishitakia kwamba FL ina ucheleweshaji.

4. Vitu halali navyo vinakuja na msafara. Native Access, Waves Central, Arturia Software Center na ndugu zao, hizi programu za makampuni za kupakulia plagini zao, ukishainstoli plagini kaangalie kwenye Task Manager nani anawaka na kompyuta bila kuitwa, mzime hapo, usimfute. Plagini ikikuuliza unataka AAX, aina inayotumika Pro Tools, na Pro Tools huitumii, toa tiki. Kwa Audacity na MuseScore (ya kuandikia nota) kuna kitufe kinachokuja na Muse Hub, programu ya kupakulia ya wenyewe, na kuna kiungo cha programu yenyewe tu, kitafute hicho cha pili kama Hub huihitaji.

5. Hata pa kuaminika paangalie. Agosti 2016 wahuni waliingia FossHub, saiti ya kupakulia programu za bure, wakabadilisha faili la Audacity kwa muda, ukilifungua kompyuta haiwaki tena. Bonyeza kulia kwenye faili, Properties, soma saini ni ya nani. Kwenye Windows Security washa ile ya kuzuia programu zisizotakiwa. Na usiapdeti wiki ya session jamani, toleo jipya halitakimbia.

Naona dogo wa jana kanitumia picha ya skrini. Eti kuna kitu kinamwambia dereva 43 zimepitwa na wakati, abonyeze? Ngoja nimpigie kabla hajabonyeza.