Kwa mnaoanza kuandika X Games: msikimbilie "yuko salama"

Wadogo zangu wa dawati la michezo, rasimu zenu kuhusu X Games, yale mashindano ya michezo ya hatari ya ubao wa magurudumu, pikipiki na theluji, nimezipitia na makosa ni yaleyale ya waliowatangulia. Kalamu nyekundu imeisha wino. Haya, tukae kitako.

1. Yalianza 1995, si 1996. ESPN, kituo cha televisheni cha Marekani, kiliyafanya kwanza Rhode Island, mengine Vermont, yakiitwa Extreme Games. Jina fupi lilikuja mwaka uliofuata, na ya majira ya baridi yakafuata 1997 huko Big Bear Lake, California. Kumbukeni kwamba yalizaliwa kwenye televisheni, hayakuzaliwa kwenye shirikisho. Ndiyo maana mchezo unaingia na kutoka bila kuombwa radhi: mwaka wa kwanza kulikuwa hata na kuruka na kamba ya mpira, leo umtafute mshindani wake.

2. Ile 900 ya Tony Hawk, mchezaji wa ubao wa magurudumu: digrii 900. Juni 27, 1999, San Francisco, mizunguko miwili na nusu hewani. Mnaiandika kana kwamba aliitua katika zamu yake ya kawaida. Muda wa shindano la mbinu bora ulikuwa umekwisha! Alikuwa ameanguka mara nyingi, wenzake wakasimama pembeni kumshangilia, waandaaji wakamwacha aendelee. Ukiufuta huo muda uliokwisha, habari imekufa.

3. Hapa ndipo pananiuma, na kosa lenyewe ni la dawati zima, wakubwa tukiwa mbele. Mwaka 2007, Los Angeles, Jake Brown, naye wa ubao wa magurudumu, aliachana na ubao wake hewani juu ya rampu ya Big Air, ile rampu kubwa ya kurukia, akaanguka kama mita 14 hadi kwenye mbao. Viatu vilimtoka miguuni. Alilala pale, ukumbi kimya, kisha akainuka na kutoka akitembea huku ameshikiliwa. Ile picha ilirudiwa mpaka ikawa burudani, viatu vikawa kichekesho. Kwamba alivunjika kifundo cha mkono na kuumia viungo vya ndani, hiyo ilipewa mstari wa mwisho, kama ilipewa. Tangu hapo mkono ukazoea: kaanguka, kasimama, andika "yuko salama", peleka kwa mhariri.

Ikaja Januari 2013, Aspen, Marekani, kwenye mashindano ya majira ya baridi. Caleb Moore alijaribu kupindukia nyuma na pikipiki ya theluji, skii zikanasa kwenye ukingo wa kutulia, mashine ikamviringikia. Naye aliondoka uwanjani kwa miguu yake, akisaidiwa. Mnaona mtego? Hospitalini ikagundulika damu inavuja kuzunguka moyo, akafanyiwa upasuaji, kisha tatizo likafika kwenye ubongo. Alifariki Januari 31, akiwa na miaka 25, kifo cha kwanza katika historia ya mashindano hayo. Mwenye ile sentensi yake ya haraka hakuwa na pa kuificha. Kwa hiyo andikeni mlichokiona: "ametoka akisaidiwa". Hali yake ataisema daktari.

4. Alama za miaka tofauti hazilinganishwi. Travis Pastrana alipopindukia nyuma mara mbili hewani na pikipiki 2006 alipata 98.60, msiipime na alama ya mtu wa juzi, majaji na vigezo si walewale.

5. Miji. Mwaka 2013 waandaaji walijitanua hadi Barcelona, Munich na Foz do Iguaçu ya Brazil, mwaka mmoja tu wakakunja mikeka. Kuna aliyeandika "hufanyika Barcelona kila mwaka". Kila mwaka upi, mwanangu?

6. Umiliki. Tangu 2022 hisa nyingi ziko kwa MSP Sports Capital, kampuni ya uwekezaji katika michezo, si ESPN tena. Yule aliyeandika wiki hii "mashindano ya ESPN", rasimu yake iko mezani kwangu. Aje aichukue kabla kurasa hazijafungwa, na asinitumie mtu.