Nightwish: mtu wa kwaya nilivyonaswa na metali

Mkuu umeuliza tunapata nini kwenye Nightwish, ile bendi ya metali (roki nzito) ya Ufini, na kama ni kweli bendi ilikufa Tarja, mwimbaji wao wa kwanza, alipotoka. Mi nakujibu kama mtu wa kwaya maana huko ndo nilikoingilia.

Kanisani naimba bezi, roki nilikuwa naona kelele tu. Siku moja mshkaji wangu hosteli akaniwekea Ghost Love Score ya albamu ya Once, 2004, wimbo wa dakika kumi, nikamwambia zima hiyo kitu, akanambia tulia. Dah. Kumbe chini ya yale magitaa kuna violini, kuna kwaya nzima, sauti ya nne inatembea kivyake kabisa, nikajikuta naifuatisha kimyakimya. Na okestra ni watu kweli, wa London, sio kinanda kinaigiza.

Sasa watu wanasahau kitu. 1996 huko Kitee, kamji kadogo Ufini, Tuomas Holopainen, mpiga kinanda aliyeanzisha bendi, alitaka muziki wa taratibu wa gitaa kavu, ila Tarja Turunen alikuwa anasomea uimbaji wa klasiki na sauti ikawa kubwa mno kwa vile vigitaa, ndo wakaongeza gitaa za umeme na dramu. Yaani sauti ndo ilileta metali.

Ndo maana Tarja alipotimuliwa Oktoba 2005, tena kwa barua ya wazi baada tu ya shoo ya Helsinki, wengi wakaona basi. Akaja Anette Olzon, sauti ya kipop, alitukanwa sana na mi naona walimuonea, Dark Passion Play ya 2007 ni kali, shida ni kumpandisha jukwaani aimbe vya Tarja, sawa na kumpa alto mistari ya sauti ya kwanza halafu umlaumu. 2012 katikati ya ziara ya Marekani akatoka, Floor Jansen akaingia na kama siku mbili tu za kukariri nyimbo.

Katafute video yao ya tamasha la Wacken, Ujerumani, 2013, wimbo uleule wa Ghost Love Score, na usiruke mbele. Kiitikio cha mwisho kinarudi, kinarudi tena, halafu Floor anaachia ile sauti ya kifua, aisee. (Ule wimbo wao wa dakika 24 wa 2015 siwezi kukudanganya, huwa nalala katikati.)

Ila vaa hedifoni, spika ya simu inakula bezi yote.